Kijitabu Nilichokataa Kukunja

Mwaka nilioanza kazi watu walikuwa wanakula yanga. Nyie vijana hamuijui yanga. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano, umetoka ng'ambo kwa meli, na ugali wake ulinuka gunia. Kibaha nzima ilipanga foleni kuupata. Sisi wa Kisarawe tulijifanya wajanja, tukala muhogo wetu asubuhi, mchana na jioni, mpaka mtu akialikwa kula yanga anaoga kwanza. Mwaka huo ndio nilitoka kwetu Msimbu nikaja Kibaha, nimevaa viatu vya dada yangu, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchapa. Nilikuwa na darasa la nne. Nimestaafu juzi, baada ya Iddi. Meno yamepungua lakini vidole vyote kumi vipo, na kwa mtu aliyeshinda jirani na mashine ya kukatia karatasi maisha yake yote, hilo ni jambo la kujisifu, nami najisifu.

Wanangu mliobaki pale mmeniomba niandike tulivyofanya kazi. Haya, naandika. Mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ni nesi na kwenye wodi yake wagonjwa wanamuulizia kwa jina, atapiga kwenye kompyuta. Nimemwambia asininyooshee maneno. Habari za mishahara na vyeo msiniulize. Mishahara ilikuwa midogo na vyeo walipewa wanaume.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Tatu, mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti kama ya mtu anayefukuza kuku. Siku ya kwanza alinipa bunda la karatasi zilizoharibika akasema kunja. Nikakunja. Akaja, akazikunjua zote, akasema kunja tena. Hivyo mpaka jioni. Nilipolia akaniangalia akasema, "Unalilia karatasi? Subiri uolewe."

Kesho yake akanipa mfupa. Ulikuwa kipande cha ubavu wa ng'ombe, kimesuguliwa mpaka kikawa laini kama kucha ya mtoto. Unaweka mkunjo kwa kidole, unaupitisha mfupa mara moja, mkunjo unalala. Ukipitisha mara mbili karatasi inang'aa pale, mteja ataona. Akanifundisha pia kwamba karatasi ina mwelekeo wake kama mkeka. Ichane pembeni kidogo: ikichanika moja kwa moja, huko ndiko inakopenda kukunjwa. Ikichanika ovyo, igeuze. Mkiilazimisha itawatii leo, masika ikifika itajikunja yenyewe, na mteja atarudi na maneno.

Jambo jingine ni mafuta. Bi. Tatu alikuwa akitunusa vidole kabla ya kutugawia kazi. Ukitoka kula muhogo wa kukaanga hugusi kitu mpaka unawe kwa sabuni na jivu. Zikija juzuu za madrasa ilibidi utawadhe, na mabaki ya kukatwa tuliyachoma, hayakwenda kufungia maandazi. Hata wenzetu Wakristo walionawa kwa kazi ile walinawa vizuri kuliko siku zote. Na ratiba za mazishi zikija saa nne, maiti anazikwa saa tisa, hamna cha chai. Nimekunja ratiba za watu wengi niliowajua. Unaweka mfupa juu ya uso wa mtu uliyesalimiana naye Ijumaa. Hiyo ndiyo kazi ngumu, si kukata.

Bi. Tatu alikuwa na sheria moja ambayo sikuishika. Alisema, "Sisi hatusomi, sisi tunakunja." Mimi nilisoma kila kilichopita mezani kwangu. Shule yangu ya darasa la tano mpaka la kumi ilikuwa makaratasi ya watu: taarifa za ushirika, mabango ya kipindupindu, hotuba za mgeni rasmi. Ndiyo maana leo naandika na nyie mnasoma.

Mashine zikabadilika. Zile herufi za risasi zilizokuwa zikipangwa moja moja kwa koleo zikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Ikaja kompyuta. Na kompyuta ikaja na kijana wa kuiendesha, ambaye hapa nitamwita Idrisa. Si jina lake, msihangaike kulitafuta.

Idrisa ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Siku aliyofika alinikuta nimeinama juu ya meza akasema mbele ya watu wote, "Huyu mtumwa wangu nani kamleta huku? Nilimwacha Tabora anatwanga." Nikamjibu, "Babu yako alifika pwani na mzigo kichwani, sisi tukampa maji. Mpaka leo hujarudisha kata." Tokea hapo tukawa kitu kimoja. Alikuwa hodari wa kuchora. Akikaa na kalamu dakika kidogo unajiona wewe mwenyewe kwenye karatasi, na ule ubaya unaouficha ameuona.

Sasa nifike nilikokusudia, maana najua ndilo mnalotaka, kila siku mnanizungukazunguka nalo.

Kulikuwa na mheshimiwa mmoja. Simtaji, na wala sisemi alikuwa mheshimiwa wa nini. Alikutwa kwenye nyumba ya wageni na mwanamke asiye mkewe, katikati ya kampeni, mchana, wakati huo huo wenzake wamekaa uwanjani wanamsubiri aje kuhutubia juu ya maadili ya vijana. Alitokea dirishani. Hayo ndiyo yaliyojulikana. Magazeti yakakaa kimya kama yamemezwa.

Idrisa hakukaa kimya. Akachora kijitabu cha katuni, kurasa nane, akakipa jina Mheshimiwa na Dera. Humo mheshimiwa anatoka dirishani amevaa dera la yule mwanamke kwa haraka zake. Anapita sokoni. Watoto wanamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye anaitika marahaba kwa sauti nyembamba. Anafika uwanjani, kina mama wanampokea kwa vigelegele, wanamketisha mbele, na kabla hajajieleza ameteuliwa kugombea viti maalumu. Anashukuru, analia, anaahidi visima.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulikuwa tunakichapa baada ya kazi za wateja, kwenye karatasi zilizobaki za mabango ya huyo huyo mheshimiwa. Ukigeuza ukurasa wa mwisho unakuta kipande cha sikio lake. Hakikuwa na jina la mchoraji wala la mchapaji. Bosi alijua, ila alijifanya ana kazi benki. Mimi nilikunja na kupiga pini, na vikitoka tulivificha katikati ya mabunda ya kadi za michango ya harusi. Nani atakagua kadi za michango? Mtu akiiona anakimbia. Ndivyo vilivyofika Mlandizi, vikafika Kisarawe mjini, vikafika mpaka Chole kwa wauza korosho. Hakuna aliyevinunua kwa sauti.

Cha pili kikafuata. Humo mheshimiwa ameshazoea dera, anasema lina hewa. Watu walikichakaza kwa kupokezana. Katika vyote viwili yule mwanamke hakuonekana. Alikuwa mkono tu, umetokea nyuma ya pazia, unadai dera lake.

Kikaja cha tatu.

Idrisa alikuwa amempata mtu aliyefanya usafi kwenye ile nyumba ya wageni, akamweleza mambo ya chumbani. Akachora chumba chote. Kitanda, feni, soda mbili, moja haijafunguliwa. Mwanamke amegeukia ukutani, uso haupo. Na chini, karibu na kiatu cha mheshimiwa, shanga za kiunoni zimedondoka. Hizo shanga alizichora kubwa, kwa ustadi wake wote, punje kwa punje, maana yule wa usafi aliziokota na kumwonyesha. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, kisha mbili za udongo, kisha nyekundu tena.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi kadhaa. Mfupa ukasimama.

Zile shanga nimezitunga mimi.

Nieleze, maana wengine nyie mmekulia mjini. Mimi mbali na kazi ya kiwandani ni kungwi. Kwetu msichana akitaka kuolewa anafundwa ndani na wanawake, na anakuwa na somo wake, mwanamke mzima anayemshika mkono kwenye mambo asiyoweza kumuuliza mama yake. Somo ni wa maisha. Ukiachika unarudi kwa somo, ukifiwa unarudi kwa somo. Na mimi kila mwali wangu namtungia shanga, na mtungo wangu ni ule, wa punje mbili za udongo katikati. Niliurithi kwa bibi yangu. Kila mwanamke wa Msimbu aliyewahi kukaa chumbani na mimi anaujua, na mwaka ule mwenye shanga zangu ambaye hana mume alikuwa mmoja tu. Nitamwita Mwanaidi. Aliolewa, akaachika, akabaki na mtoto wa kike wa kunyonya. Alikuwa akipika kwenye kampeni za yule mheshimiwa. Aliniambia kwa simu, kwa furaha, kwamba ameahidiwa kazi ya kudumu ofisini.

Niliweka karatasi chini, nikamwambia Idrisa tumbo linanisumbua. Nikaenda Msimbu.

Nilimkuta uani kwa mama yake anakuna nazi. Tangu kile kisa alikuwa hatoki, lakini hakuna aliyejua kwa nini hatoki. Waliambiwa anaumwa mgongo. Mama yake mwenyewe aliniomba nimwombee dawa ya mgongo. Ng'ambo ya ua, nyumba ya jirani, wanawake walikuwa wanasomeana kijitabu cha pili. Sauti zao zilikuja wazi kabisa. Walifika pale pa dera na hewa, wakapiga makofi. Mwanaidi akaendelea kukuna.

Nikakaa karibu yake, kitako. Nikamwambia, "Kinakuja cha tatu."

Hakuuliza najuaje. Akauliza, "Uso upo?"

"Haupo."

Akakuna kidogo. "Na nini kipo?"

Nikatazama kiuno chake. Naye akajitazama, kisha akanitazama mimi, na machozi hayakutoka, afadhali yangetoka.

"Kwa hiyo wamenijua, somo."

"Hawajakujua. Bado hakijatoka."

"Mama akijua hatasema kitu," akasema. "Atakaa hivi hivi, atanipikia, atanipakulia, hatasema kitu mpaka afe. Hilo ndilo siliwezi. Nitamchukua mwanangu tuondoke, nisijulikane niko wapi."

"Yule bwana alikuambia nini siku ile?"

"Aliniambia nilete chai na karatasi zangu za kazi. Chumbani."

Ile nazi ikaisha, akachukua nyingine. Nikamsaidia kukamua tui.

Nilirudi kazini asubuhi ya pili. Idrisa alikuwa ameshanipangia karatasi mezani, anapiga mluzi. "Mtumwa wangu kapona," akasema. "Haya, kunja, watu wana njaa ya kucheka."

Nikasema, "Idrisa."

Akaacha mluzi. Sikuwahi kumwita jina lake tokea aje.

"Ukurasa huu utoe."

"Upi? Huo wa chumbani? Bibi, huo ndio ukurasa wenyewe. Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kuchora."

"Nimeona. Utoe."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi ya ukungwi. Nikimwambia kwa nini, nimemtaja. Nikasema, "Huyo mwanamke ana mama."

"Mheshimiwa naye ana mama. Huyu jamaa anakula nchi, bibi. Magazeti yameogopa, mahakama zimeogopa, kilichobaki ni kicheko. Nikianza kuwaonea haya watu nitachora nini? Maua?"

"Mheshimiwa ana gari, ana walinzi, ana mke wa kumtetea kwenye redio. Mtani humtania aliye na mdomo wa kumjibu. Huyu atakujibu kwa kitu gani? Kwa mkono wa nyuma ya pazia?"

"Uso haupo. Hakuna atakayemjua."

"Wanawake watamjua."

Akanitazama, nikaona ameanza kuelewa, na alivyoelewa akakasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amependa zile shanga. Akasema, "Basi unamjua wewe. Niambie ni nani, nimfuate, nimwombe. Akikubali tutamwandika aseme yake mwenyewe. Hiyo itamwangusha yule jamaa kabisa. Niambie jina tu. Na kama hutaki, kunja. Kunja tu, bibi. Kazi yako ni kukunja."

Nikachukua mfupa wangu nikautia mfukoni, nikamwambia, "Mtoto wa mtu simtoi kwa mkono wangu."

Idrisa hakunisemesha tena. Alijaribu kukunja mwenyewe, akaacha njiani, si kwa kushindwa, anajua kukunja. Aliacha. Zile karatasi akazifunga kwa kamba akazisukuma chini ya meza yake, akawa anaweka miguu juu yake. Tulikaa hivyo chumba kimoja, yeye na kompyuta yake, mimi na meza yangu, utani umekufa. Wenzetu walidhani kuna msiba. Mimi sikumwomba radhi, yeye hakuniomba.

Ila alifanya kosa. Alikwenda kwenye kijiwe cha kahawa, pale Tangini, roho inamuuma, akalalamika. Hakujitaja. Alisema tu kwamba kuna kazi nzuri imekwama mahali, kwa sababu kuna bibi amegoma kukunja ukurasa wa chumbani, anamwonea haya mwanamke. Watu wa kahawa wakacheka wakasahau. Mmoja hakusahau, ingawa hakumjua msemaji. Kiwanda chenye bibi Kibaha kilikuwa kimoja.

Katibu wa mheshimiwa alikuja mchana, umeme umekatika, mashine zote zimenyamaza, bosi yuko benki kwake. Bwana mmoja msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Idrisa alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta iliyozimika, miguu juu ya bunda. Yule katibu akamsalimia, "Mambo, kijana," akampita, akaja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunaweza kuongea nje?"

"Nje kuna jua. Sema hapa hapa."

Akavuta stuli. Akakaa karibu, kama mtu aliyekuja kuposa. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wanajua vile vijitabu vinatoka humu. Akasema hawana ugomvi na mimi, wananiheshimu, wamesikia nilivyokataa. "Wewe ni mtu mzima, una haya, umeona mbali. Huyo mchoraji alitaka kumdhalilisha mwanamke, mama wa watu. Mheshimiwa mwenyewe ameumia sana kwa ajili ya yule binti."

"Ameumia wapi?" nikamuuliza.

Akakohoa. "Mama, tuelewane. Mimi na wewe tuko upande mmoja. Nataka jina tu la aliyechora. Hata hutaandika popote, utaniambia mdomoni, basi."

Nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nasikia una mjukuu amemaliza unesi," akasema. "Yupo nyumbani anakaanga vitumbua, na cheti kipo kabatini. Inasikitisha. Haya mambo yanazungumzika, mama. Wilaya inahitaji manesi."

Hapo sitawadanganya, aliigusa roho yangu. Yule mtoto nilimsomesha kwa vidole hivi. Kila asubuhi nilimwona anachochea unga wa vitumbua amevaa ile saa ya manesi kifuani, kwa kuzoea tu, hana wa kumpima.

"Na ikishindikana?" nikauliza.

"Ikishindikana, basi mlango huu utafungwa. Wote mtakuwa nje, na huyo mwenyewe tutampata tu, na tukimpata kwa njia yetu itakuwa vingine. Bora umtoe wewe, kistaarabu. Na kusema kweli, mama, unamfichia nini? Huyo ni adui wa yule binti wenu. Kama angekuwa na adabu asingefikia kuchora vile."

Alikuwa na haki katika hilo, na alijua kwamba ana haki. Nilikuwa bado nina hasira na Idrisa. Nikainua macho nikamtazama juu ya bega la yule bwana. Hakuinamisha uso wala hakunikonyeza. Alikuwa ameshusha miguu, amekaa kama mgonjwa anayesubiri majibu, kidole gumba kimejaa wino mweusi, hakukumbuka hata kukificha. Nikawaza kwamba Tabora huko kuna mama yake, na kuna mwanamke mwingine uani anakuna kitu, anasikiliza sauti za jirani.

Katibu akasogeza stuli. "Jina tu, mama yangu. Sema, niondoke."

Nikamwambia, "Mtoto wa mtu simtoi kwa mkono wangu."